Tumwiteje anayevujisha siri za mchezo, na tumwiteje anayeuza ubashiri?

Mhariri wa Zamu (mwenye swali)

Wanajukwaa, hamjambo. Nimekuja kwenu na jambo la lugha ambalo limenishinda tangu wiki iliyopita, nami naomba msaada wa wale wanaoishi na maneno haya kila siku pamoja na wale wanaoyajua tangu asili yake.

Mimi huandaa habari za michezo za redio, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuzigeuza habari za nje ziwe Kiswahili atakachokielewa msikilizaji aliye sokoni, shambani au ndani ya daladala. Wiki iliyopita tulikuwa na makala kuhusu wachezaji wanaoadhibiwa kwa mambo ya kamari, na mfano wetu mkuu ulikuwa Kieran Trippier, aliyekuwa beki wa timu ya taifa ya Uingereza, ambaye Desemba 2020 chama cha soka cha huko kilimfungia wiki 10 na kumtoza faini ya pauni 70,000. Kosa lake halikuwa kubeti. Kosa lilikuwa kwamba mwaka 2019, alipokuwa katika mipango ya kuhama kutoka Tottenham Hotspur kwenda Atlético Madrid, habari za uhamisho huo ziliwafikia watu wake wa karibu kutoka kwake mwenyewe, na watu hao wakaweka fedha kwenye kampuni za kamari zilizokuwa zikipokea dau juu ya klabu atakayokwenda.

Ndani ya makala ile kulikuwa na watu wa aina tatu. Wa kwanza ni yule aliye ndani, anayejua jambo ambalo umma haujalijua, naye akalisema. Wa pili ni yule aliye nje, aliyeambiwa, akaenda kuweka dau. Wa tatu aliingia mwishoni, tulipokuwa tunawatahadharisha wasikilizaji: ni yule ambaye hana siri yoyote ya ndani, lakini kila siku huwatumia watu ushauri wa mechi za kuwekea fedha, mara nyingine bure na mara nyingine kwa malipo. Lugha niliyokuwa nafasiri kutoka kwake ilikuwa na jina kwa kila mmoja. Mimi, kwa haraka ya studio, nilimwita wa kwanza mbashiri na wa tatu pia mbashiri.

Msikilizaji mmoja alipiga simu, mzee wa makamo kwa sauti yake, akasema kwa uchungu kwamba mbashiri ni yeye, anayekaa Jumamosi asubuhi akapitia msimamo wa ligi, majeruhi na matokeo ya nyuma, kisha akaweka shilingi mia tano zake. Hajamwibia mtu siri wala hajamuuzia mtu ndoto. Nilimwomba radhi, kwa sababu alikuwa na haki.

Tangu siku hiyo nimejaribu maneno mengi. Mtabiri limenipeleka kwa waganga na manabii. Mtoa taarifa linasikika kama shahidi wa polisi. Jasusi ni mtu wa dola, na mchongezi ni mtu mwenye nia ya kumdhuru mwenzake, jambo ambalo Trippier hakulifanya. Mdokezi linanikaribia, lakini linaonekana kuwa jepesi mno kwa kosa lililomfungia mtu wiki 10. Je, Kiswahili kina maneno ya kuwatenganisha watu hawa watatu, au nitalazimika kueleza kwa sentensi nzima kila mara?

Msuka Mkeka wa Temeke

Ndugu Mhariri, ahsante kwa swali hili, na ahsante zaidi kwa kumwomba radhi yule mzee, maana sisi tunaobeti tumezoea kuwekwa kapu moja na matapeli.

Maneno yapo, na yanatumika kila siku vijiweni, ila hayajapewa ruhusa ya kuingia studio. Yule wa kwanza, aliye ndani, sisi tunasema ametonya. Kutonya ni kumpa mtu habari mapema, kabla haijatoka, ili ajiwahi, mtu husema, “Nimetonywa kwamba kipa namba moja hachezi kesho.” Njia nyingine ni kusema mtu kang'atwa sikio. “Njoo nikung'ate sikio” ni maneno ya kirafiki kabisa, na picha yake ni ya watu wawili walioinamiana hadi midomo ya mmoja inagusa sikio la mwenzake. Wa pili basi ni aliyetonywa, na sioni kwa nini atafutiwe jina jingine.

Lipo pia neno mchongo, nalo linahitaji uangalifu. Miaka ya nyuma mtu akikwambia ana mchongo, alimaanisha ana nafasi nzuri aliyoipata kwa kujuana, iwe ya kazi, ya kiwanja au ya mechi. Leo maana imegeuka upande wa pili: ukisema “mechi ya mchongo” watu wanaelewa kwamba matokeo yamepangwa, na ukisema “daktari wa mchongo” wanaelewa kwamba si daktari. Neno lile lile lililokuwa na maana ya habari ya ndani ya kweli sasa lina maana ya kitu cha bandia, na kwa mtazamo wangu si kwa bahati: watu waliuziwa michongo mingi isiyokuwa ya kweli hadi neno lenyewe likaoza.

Hapo ndipo ninapotaka kusimama kwa muda juu ya mtu wako wa tatu, kwa sababu huyu amenila fedha na namfahamu vizuri kuliko hao wengine. Sisi tunamwita muuza mikeka. Mkeka, kwa wasiojua, ni ile orodha ya mechi ambazo mtu amezichagua akaziunganisha katika dau moja. Unausuka mechi baada ya mechi, na mechi moja ikienda kombo, mkeka umechanika wote. Muuza mikeka hukusukia wako kwa malipo. Mimi nilijiunga na kundi moja la simu nikawa nalipa shilingi 10,000 kila wiki, na mwenye kundi alituambia kwamba ana mtu wake ndani ya klabu na kwamba mechi anazotupa zimekwisha kupangwa. Nililipa kwa miezi minne. Sikuwa mjinga, nilikuwa nimeona kwa macho yangu mechi tatu za kwanza alizonipa bure zikitoka sawasawa, na mechi tatu mfululizo si jambo dogo.

Baadaye kijana mmoja wa hesabu alinieleza jinsi jambo lile linavyofanyika, na ningependa redio yako ilieleze vivyo hivyo. Chukua watu 2,700. Waambie 900 kwamba wenyeji watashinda, 900 kwamba itakuwa sare, na 900 kwamba wageni watashinda. Mechi ikiisha, watu 900 wamepata jibu sahihi. Waliobaki usiwatumie tena ujumbe. Wale 900 wagawe tena mafungu matatu, na baada ya mechi ya pili unabaki na 300. Rudia mara ya tatu, unabaki na watu 100 ambao wameona kwa macho yao kwamba hujawahi kukosea. Hao ndio unaowaomba fedha. Mimi nilikuwa mmoja wa mia, na wenzangu 2,600 walikuwa wamekwisha kumsahau au kumtukana mwenye kundi, ila sikuweza kuwaona.

Kwa hiyo, ndugu Mhariri, ukimwita mtu huyu mbashiri umempa heshima asiyostahili, kwa maana hakubashiri chochote. Alitaja matokeo yote matatu.

Mwalimu Mstaafu, Mombasa

Wanangu, nimewasoma kwa furaha, kwa kuwa ni nadra siku hizi kumwona mtu wa habari akisita juu ya neno moja kwa wiki nzima.

Nianze na bashiri, maana yule mzee wa simu ametetea neno lenye ukoo mwema. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni kuleta habari njema. Ndani ya Qur'ani Mtume anatajwa kuwa ni mbashiri na mwonyaji, yaani mleta bishara na mtoa onyo. Katika Kiswahili maana ilipanuka ikawa kusema kabla jambo lijalo, likiwa zuri au baya, na ndipo wana kamari walipolichukua wakaliweka juu ya mabango yao. Wapo wazee wa hapa Pwani ambao hadi leo neno hili likitumiwa kwa kamari linawachoma, nami ni mmoja wao, lakini lugha haikungoja ruhusa yangu. Tabiri nalo lilitoka kwenye kufasiri ndoto. Ndiyo sababu, mwanangu Mhariri, lilikupeleka kwa waganga. Lilikuwa linarudi kwao.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Habari za ndani zilizopenya zikatoka nje zina jina lake katika Kiswahili cha zamani: ni penyenye. Mtu mwenye penyenye ni yule ajuaye yaliyofichika ya nyumba, ya baraza au ya biashara. Linatokana na penya, na kutoka hapo hapo tunapata penyeza, ambalo kila mtu analijua kwenye methali ya penye udhia penyeza rupia. Tazameni jinsi lugha ilivyoviweka vitu viwili mlango mmoja, habari inayotoka kwa siri na fedha inayoingia kwa siri.

Mtu wa ndani pia ana majina, na majina hayo ni ya mapenzi. Mwandani ni rafiki wa moyoni, na ndani ya neno hilo mnaiona “ndani” yenyewe. Msiri ni yule unayempa siri kwa sababu unamwamini. Wazee walisema siri ya mtungi aijuaye kata, kwa maana kata ndiyo inayoingia tumboni mwa mtungi kila siku. Na walisema siri ya maiti aijuaye mwosha. Mwosha huona mwilini mwa marehemu mambo ambayo hata mkewe au mumewe huenda hakuyaona, na adabu ya kazi yake, ambayo ni adabu ya dini kabla haijawa ya mila, ni kwamba akitoka pale hasemi. Hakuna anayemuuliza kama alichokisema ni kweli. Ni kweli, ndiyo, lakini hakuwa na ruhusa ya kukisema.

Hapo ndipo mtu wako wa kwanza anapotengana na wa tatu, nami nakuomba ulishike jambo hili kuliko maneno yote niliyoyataja. Mbashiri hupimwa kwa matokeo: amepata au amekosa. Msiri hupimwa kwa amana: ameitunza au ameivunja. Kwa hiyo neno lolote utakalolichagua kwa mtu wa kwanza sharti lionyeshe kwamba palikuwa na kitu alichokabidhiwa. Mdokezi halionyeshi hivyo, kwa sababu hata mimi naweza kukudokeza jambo nililoliona barabarani. Mvujishaji linaonyesha, maana kitu hakivuji isipokuwa kilikuwa ndani ya chombo, na chombo kilitakiwa kukizuia.

Neno moja la mwisho kuhusu mchongezi. Kwa umbo lake, chongea ni kuchonga kwa ajili ya mtu au dhidi ya mtu, na Kiswahili kimechagua “dhidi”. Dokeza, tonya na ng'ata sikio hufanywa kwa faida ya anayeambiwa. Chongea hufanywa kwa hasara ya anayesemwa. Lugha yetu haiulizi sana mtu huyu ni nani au kazi yake ni gani. Inauliza alisema kwa ajili ya nani na akamwumiza nani, na jibu linakaa ndani ya kitenzi. Ndiyo sababu majina yanakuponyoka. Unatafuta nomino mahali ambapo Mswahili angesema “alimtonya”, ambapo mtonyaji, mtonywaji na wakati vyote vimo ndani ya neno moja.

Mfasiri wa Mahakamani, Nairobi

Mwalimu, shikamoo, na ahsante kwa penyenye, ambalo nimelisikia kwa nyanya yangu na sikuwahi kulitumia kazini.

Naomba niongeze upande wa sheria, kwa sababu baadhi ya maneno ambayo Mhariri anayachunguza yamekwisha kuchukuliwa, na redio ikiyatumia ovyo itawapotosha watu kuhusu haki zao. Mtoa taarifa, kwa mfano, nchini Tanzania ni mtu anayelindwa na sheria ya mwaka 2015 ya watoa taarifa na ulinzi wa mashahidi. Ni yule anayefichua uhalifu au ubadhirifu kwa mamlaka husika. Naye yuko ndani, naye anatoa siri nje, lakini anaitoa kwa manufaa ya umma na kwa mtu mwenye mamlaka ya kuipokea. Mchezaji anayemwambia rafiki yake aweke dau yuko mbali kabisa na huyo, na itakuwa dhuluma kuwapa jina moja, hasa wakati ambapo watu wengi bado wanaogopa kusema kwa sababu mitaani wataitwa wachongezi au wasaliti.

Sheria za masoko ya mitaji zinatusaidia zaidi. Kenya na Tanzania zote zinakataza mtu aliye na taarifa za ndani za kampuni kununua au kuuza hisa kwa kutumia taarifa hizo kabla hazijatangazwa, na zinamkataza pia kumpa mtu mwingine taarifa hizo ili anunue au auze. Mwaka 2018, kampuni ya Ufaransa ya Rubis ilipotangaza nia ya kuinunua KenolKobil, kampuni ya mafuta ya hapa Kenya, mamlaka ya masoko ya mitaji ya hapa Kenya ilichunguza miamala ya hisa iliyofanyika kabla ya tangazo, kwa shaka hiyo hiyo kwamba kuna watu waliojua mapema. Katika kazi yangu huandika “mwenye taarifa za ndani” kwa mtu wa kwanza na “mpokeaji wa taarifa za ndani” kwa mtu wa pili. Ni marefu, nakubali, lakini mahakama haimhukumu mtu kwa methali.

Kanuni ya mpira wa Uingereza inafanana na sheria hizo. Tangu Agosti 2014 mchezaji wa ngazi za juu huko haruhusiwi kubeti juu ya mpira popote duniani, wala kumpa mtu mwingine taarifa ambayo ameipata kwa nafasi yake na ambayo haijawa ya umma, ikiwa mtu huyo ataitumia kubeti. Kesi ya Daniel Sturridge, aliyekuwa mshambuliaji wa Liverpool, inathibitisha yale ambayo Mwalimu ameyasema kuhusu amana. Mwezi Januari 2018 alimpa kaka yake habari za uwezekano wa kuhamia Sevilla, ili aweke dau. Sturridge hakwenda Sevilla; alikwenda kwa mkopo West Bromwich Albion. Kama angekuwa mbashiri, angekuwa mbashiri aliyekosea. Hata hivyo, baada ya rufaa mwaka 2020, adhabu yake ilipandishwa ikawa kufungiwa miezi minne na faini ya pauni 150,000, kwa sababu kilichohukumiwa ni kuitoa taarifa ya ndani, iwe ilitimia au haikutimia.

Kuna neno moja la Kiingereza ambalo nadhani ndilo lililokuchanganya, nalo ni “tout”. Hapa Nairobi kila mtu anadhani analijua, kwa kuwa ndilo tunalowaitia manamba wa matatu, wale ambao kwenu mnawaita wapiga debe. Lakini kwenye mbio za farasi za Uingereza neno hilo hilo lilikuwa jina la watu waliojificha karibu na viwanja vya mazoezi, kama vile Newmarket, wakiwatazama farasi wakikimbizwa alfajiri ili wakauze habari za yupi yuko tayari na yupi anachechemea. Na katika Ireland ya Kaskazini ni jina la mtu anayewachongea wenzake kwa polisi, jina ambalo katika miaka ya machafuko liliweza kumgharimu mtu maisha. Neno moja, watu watatu. Asiyejua muktadha atamgeuza mchungulia farasi kuwa manamba.

Msuka Mkeka wa Temeke

Dada Mfasiri, hapo kwenye mpiga debe nakuomba usipite haraka, kwa sababu umetoa jibu bila kukusudia. Wengi wa hawa wauza mikeka wanaotoa ushauri wao bure hulipwa na kampuni za kamari kwa kila mtu wanayemsajili, na katika mikataba mingine malipo hayo hukatwa kutoka kwenye fedha ambazo mtu huyo anapoteza. Maana yake ni kwamba mshauri anapata zaidi ukichanika mkeka kuliko ukishinda. Huyo ni mpiga debe hasa: anaimba “bado mmoja, bado mmoja” mlangoni mwa basi, na akishamjaza abiria wa mwisho analipwa na kubaki kituoni. Hasafiri nawe.

Mfasiri wa Mahakamani, Nairobi

Nakubaliana nawe, kaka, na nimeliandika. Ila kwa anayelipisha huku akidai kwamba mechi zimepangwa, mpiga debe halitoshi. Huyo anadai kuwa na penyenye asizokuwa nazo ili apate fedha, na sheria ina neno lake la kawaida, nalo ni tapeli. Tusilitafutie jambo hilo neno laini la michezo.

Mhariri wa Zamu

Nimesoma majibu yote mara mbili, na nimekaa na makala ile upya tangu asubuhi. Nawashukuru sana, na Mwalimu, shikamoo.

Swali moja limebaki kwangu kuhusu uzito wa mvujishaji. Trippier hakulipwa na mtu. Kama ilivyo kwa mchezaji yeyote anayehama nchi, alikuwa na ndugu na marafiki wa kuwaaga, na nyumba ya kuhama. Ninaogopa kwamba mvujishaji litamfanya msikilizaji amwone kama aliyeuza mtihani wa taifa, kwa sababu kwetu neno hili tumelizoea kwenye habari za mitihani.

Mwalimu Mstaafu, Mombasa

Hofu yako ni ya haki. Lakini uzito wa jambo usiubebeshe nomino peke yake. Sema “alivujisha” kisha useme alivujisha nini, kwa nani, na kwa malipo au bila malipo. Aliyeuza mtihani ameuza. Huyu amevujisha kwa mapenzi ya watu wake, na msikilizaji ataiona tofauti ukimpa nafasi ya kuiona. Mwosha anayewasimulia wanawe chakulani hajauza siri ya marehemu, lakini ameitoa, na jirani hatamwita tena kuosha.

Mhariri wa Zamu

Basi naleta hapa aya nilizoziandika upya kwa kipindi cha Jumamosi, mziangalie kabla hazijasomwa hewani:

“Trippier hakuadhibiwa kwa kubeti, bali kwa kuvujisha habari za ndani za uhamisho wake kwa watu wake wa karibu, ambao baada ya kutonywa walikwenda kuweka dau. Hakuna anayesema kwamba aliuza habari hizo; kilichomtia hatiani ni kwamba zilikuwa habari alizozipata kwa nafasi yake ya uchezaji, na kanuni ilimtaka azitunze.

Mpenzi msikilizaji, mvujishaji wa kweli hukitaja kile anachokijua kwa wachache anaowaamini. Anayekutumia ujumbe usiyemjua, akakwambia kwamba ana mechi iliyopangwa na anataka umlipe, hana habari ya ndani ya kuvujisha. Ikiwa anakupa ushauri bure na kukuelekeza ujisajili kwenye kampuni fulani, jiulize kama ni mpiga debe. Ikiwa anakulipisha kwa siri asiyokuwa nayo, huyo ni tapeli. Na wewe unayekaa na msimamo wa ligi ukapima mwenyewe, kwa fedha zako na kwa akili zako, jina la mbashiri ni lako.”

Sentensi ya mwisho nimeiweka kwa ajili ya yule mzee aliyepiga simu.

Mwalimu Mstaafu, Mombasa

Ni nzuri, mwanangu. Rekebisha mahali pamoja tu: “kutonywa” litaeleweka Dar es Salaam na Morogoro, lakini huku kwetu, na nadhani hata Kisumu, wapo watakaojiuliza. Andika “kudokezwa”, kisha mara ya pili, msikilizaji akiwa amekwisha kuelewa ni jambo gani, mpe “kutonywa”, ajifunze.

Mfasiri wa Mahakamani, Nairobi

Nami naomba badala ya “habari za ndani” useme “taarifa za ndani”, maana ndivyo tunavyoandika kwenye kesi za hisa, na itafaa msikilizaji alisikie neno moja kwa kosa moja, liwe la uwanjani au la soko la mitaji.

Mhariri wa Zamu

Yote mawili nimeyarekebisha. Makala itasomwa Jumamosi saa mbili asubuhi, kabla mechi hazijaanza na kabla watu hawajasuka mikeka yao.